Gari Lisilokwenda

Bwana au Bibi, sijui uliye nyuma ya muhuri,
barua yenu ya tatu imefika leo na mvua,
imelowa pembeni, hata neno «faini» limevimba.
Mnasema gari la marehemu mume wangu
halina bima tangu mwezi wa tatu,
nami nichague: nilipe, au nitamke kwa maandishi
kwamba halitakanyaga barabara.

Nikwambieni lilipo.
Limo gerejini nyuma ya nyumba, hapa Bethesda,
chini ya vigae vya mawe alivyochonga babake Emrys mlimani.
Moris ya kijani cha njegere, mlango mmoja rangi nyingine.
Tairi mbili zimelala. Betri niliitoa mwenyewe,
nikampa Tegid wa jirani kwa trekta lao.
Panya wamezaa ndani ya kiti cha nyuma,
na kwenye kisanduku cha mbele zimo peremende zake za mnanaa,
zimeshikana kama kokoto.
Haya, litamgonga nani?
Kondoo wa Hefin? Wale wana akili kuliko hivyo.

Ajali haina kinga, husema watu,
nanyi mnaniuzia kinga ya ajali isiyo na miguu.
Basi mkatieni bima na Emrys:
naye amelala, naye hana safari.

Nimesema ya hasira. Sasa ya kweli,
maana nusu ya ukweli hunikereketa koo.

Mwaka wa theluji kubwa, kabla hajaugua,
lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, injini baridi,
limetulia kama mtu wa heshima.
Hakuna aliyeligusa.
Usiku wa manane breki ya mkono ikachoka,
kama mkono wowote uchokavyo,
likateremka bila taa, bila dereva,
likavunja ukuta wa Bibi Gwenllian
likaingia banda la kuku.
Kuku wanne.
«Na ingekuwa saa ya watoto kwenda shule...»
Emrys hakuimaliza sentensi hiyo hadi anaingia kaburini.
Bima ililipa ukuta.
Kuku tuliwalipa wenyewe.

Kwa hiyo najua. Kilichosimama hakijaahidi kusimama.
Siwaiti wajinga, ninyi wa ofisini.
Ila sasa lipo juu ya sakafu tambarare,
tofali mbele, tofali nyuma, mlango una kufuli,
na mwenye kufuli ana miaka themanini na mmoja.

Nilipiga simu. Kijana wenu ana sauti nzuri,
akaniambia: «Bibi, hati ya kuliondoa barabarani ni bure.
Weka alama, tia saini, yameisha.»
Bure!
Hapo ndipo nilipokwama.
Bima ni pauni mia mbili na kumi, nazo sina.
Saini ni bure, nayo haitoki.
Nimeshatia nyingi: ya hospitali, ya msajili wa vifo,
ya benki, ya mtungi wa hewa waliokuja kuuchukua
ungali na alama ya kidole chake.
Kila saini ilimsogeza kando ya njia kidogo.
Hii ya gari ndiyo ingemtoa kabisa,
kwani Emrys alisema tutakwenda Aberdaron wakati wa kiangazi,
na hakusema kiangazi kipi.

Jana jioni nilifungua kufuli.
Nikaketi kiti cha abiria, changu, cha miaka arobaini.
Nikabandua peremende moja, nikaimung'unya
mpaka ikaisha. Ilichukua muda mrefu.
Panya walinyamaza.

Narudisha fomu yenu.
Nimeweka alama mahali mlipotaka,
ingawa nilitafuta kisanduku cha «bado» sikukiona.
Wino umetapakaa; ni ile mvua.

Ufunguo hamkuuomba.
Umo mfukoni mwa koti lake,
ambalo nimelivaa sasa, maana kuna baridi,
nami natoka kwenda posta kwa miguu.

Eluned Pritchard